Jumapili Mbili za Kura

Hamburg, Ujerumani
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa,

Wanafunzi wangu niliokuja nao huku wanakula na kulala vizuri, ingawa mafua yametupitia mmoja baada ya mwingine. Picha nimekutumia kwenye simu, lakini picha hazitoshi. Wewe uliyefundisha somo la Siasa enzi za chama kimoja, kabla halijaitwa Uraia, ndiwe ninayetaka kukusimulia haya kwa kituo.

Tuliondoka Dar es Salaam kwenye lile joto la Februari ambalo feni hulizungusha tu bila kulipunguza. Tukashuka Hamburg usiku, baridi ikiwa chini ya sifuri. Kaka, baridi ya Njombe mwezi wa saba naijua, na ya Makambako ukisubiri basi alfajiri naijua, ila hii ni nyingine kabisa. Inaanza kwa kuuma ndani ya pua, kisha unagusa masikio na kuona hayana habari na wewe. Nje ya uwanja wa ndege maji ya kidimbwi yalikuwa yameganda, na vijana wangu, waliokuwa hoi kwa safari, wakapata nguvu ghafla. Kila mmoja alitaka kukanyaga asikie lile barafu likipasuka. Asubuhi jua lilichomoza saa moja na nusu, na jioni, saa kumi na moja na nusu tu, lilikuwa limeshazama.

Chakula chao ni mkate. Asubuhi mkate, jioni mkate tena, mweusi na mzito, unaliwa baridi kwa jibini na matango ya siki. Kuna andazi lao moja la hapahapa Hamburg, linaitwa Franzbrötchen, limekunjwa tabaka kwa tabaka kwa siagi, sukari na mdalasini. Likitoka tanuri harufu yake inakusimamisha njiani. Nilipolionja nilimkumbuka mama na maandazi yake ya iliki, nikakaa kimya kidogo. Embe moja sokoni nimeliona karibu euro tatu, yaani shilingi elfu nane hivi, fedha ambayo kwetu msimu ukikolea ungeondoka na ndoo ndogo. Sikulinunua. Nililishika tu, nikalinusa, nikalirudisha.

Kuhusu usafiri, hapa ndipo vijana wangu walipopigwa na butwaa. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida kwa nchi nzima mwaka huu wa 2025 ni euro 58, zaidi ya laki moja na nusu kwa fedha yetu. Lakini mwanafunzi wa Hamburg tangu Septemba 2024 hailipii, mji unamlipia. Wanafunzi wangu walitazamana. Wao kila asubuhi wanapigana vikumbo na konda wa daladala asiyetaka kupakia sare za shule kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Watu ndani ya treni hawasalimiani, na mara ya kwanza ukimya ule ulinitia upweke. Lakini tulipopotea kituoni, bibi mmoja mwenye fimbo alishuka na sisi, akatupeleka hadi kwenye ngazi zetu, akarudi kungoja treni nyingine. Wema wao hauna maneno mengi.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji ndugu tangu 2010, na shule za pande mbili hutembeleana. Mwenyeji wangu ni mwalimu wa siasa, jamii na uchumi, ambavyo hapa ni somo moja. Kila mwanafunzi wangu amepewa familia ya kukaa nayo. Tunazungumza Kiingereza, na kwao pia si lugha yao, kwa hiyo sote tunaongea polepole na kusikilizana.

Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliingia darasani na hakuna aliyesimama. Mmoja alikuwa anakunywa maji, mwingine anamalizia mkate wake. Vijana wangu walikuwa wameshasimama wima, wakaitikia salamu peke yao kwa sauti moja, na darasa zima likageuka kuwatazama kwa mshangao wa heshima. Mwenyeji wangu aliniambia baadaye kwamba ile salamu ilimgusa. Walikuwa ishirini na watano darasani. Kwangu, unajua mwenyewe, wanaketi zaidi ya sabini.

Kilichonishika hasa ni baraza la darasa. Mara moja kwa wiki wanapanga viti duara. Mwenyekiti ni mwanafunzi, msichana wa miaka kumi na mitano. Mwingine anashika saa, mwingine anaandika muhtasari, mwingine kazi yake ni kuangalia kwamba hakuna anayemkatiza mwenzake. Ukutani kuna karatasi ya safu tatu: ninachosifu, ninacholalamikia, ninachotaka. Yeyote huandika humo wiki nzima, na hiyo ndiyo ajenda. Mwalimu naye anakaa kwenye duara. Akitaka kusema, ananyoosha mkono na kungoja zamu yake.

Siku hiyo lalamiko la kwanza lilimhusu yeye mwenyewe. Majibu ya jaribio yalikuwa yamechelewa wiki tatu. Msichana mwenyekiti alilisoma bila kupandisha wala kushusha sauti. Mwalimu akaeleza, wakamuuliza atarudisha lini, akataja Jumatano, ikaandikwa kwenye muhtasari, wakaendelea na mambo ya safari ya darasa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekasirika. Kijana wangu mmoja alininong'oneza, "Mwalimu, yule dada hataadhibiwa?"

Nilifikiria uchaguzi wetu wa viranja. Tunao, na unapendwa sana na wanafunzi. Majina yanachujwa ofisini na walimu, wagombea wanapanda jukwaani mstarini kuomba kura, wanaahidi maharage yasiyo na wadudu, shule inashangilia, kura zinapigwa. Wiki inayofuata yule aliyechaguliwa kwa vifijo anapewa daftari la kuandika majina ya wapiga kelele. Wanafunzi wakamchagua, sisi tukamgeuza mkono wetu. Hapa wawakilishi wa madarasa wanapeleka hoja hadi kwenye mkutano mkuu wa shule, ambako wanafunzi, wazazi na walimu wana viti kwa idadi sawa, na kura ya mwanafunzi inahesabiwa sawa na ya mwalimu wake. Ndiyo maana wanaongea wakiwa wametulia: wanajua neno lao litafika mahali.

Usidhani vijana wetu wamekuwa wanyonge hapa. Kwenye mdahalo wa siku ya tatu waliwaacha wenyeji midomo wazi. Kusimama mbele ya watu, kujenga hoja, kumjibu mpinzani kwa adabu, vilabu vyetu vya midahalo vimewafunza hayo vizuri sana. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwetu mdahalo ukiisha umeisha. Tunapiga makofi na kurudi darasani.

Kwenye chumba cha walimu, tukinywa kahawa nyeusi isiyo na tangawizi, nilimuuliza mwenyeji wangu swali ambalo hata wewe ungeuliza. Nchi hii imeingia uchaguzi, watu wamegawanyika, chama cha AfD kinachopinga wahamiaji kinapanda, na darasani mwake wamo watoto wa wahamiaji na wamo wanaokishabikia chama hicho. Anafanyaje? Akanieleza kuhusu makubaliano ya Beutelsbach ya mwaka 1976, yaliyopewa jina la mji mdogo wa kusini walikokutana wataalamu wa elimu ya siasa wa mirengo iliyokuwa haielewani. Mwalimu haruhusiwi kumlemea mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo ambalo jamii inabishania lazima lifundishwe likiwa na ubishani wake. Na mwanafunzi aweze kupima hali ya siasa na maslahi yake mwenyewe ndani yake. Nikamuuliza kama maana yake mwalimu hana msimamo. Akatikisa kichwa. Katiba yao ya 1949 inaanza na utu wa binadamu usioguswa. Juu ya hilo, alisema, hatafuti upande wa pili. Nililiona kwa macho yangu siku iliyofuata. Kijana mmoja alisema wazi kwamba angekichagua AfD. Wengine waliguna. Mwalimu aliwatuliza, akamwachia amalize, kisha akamgeukia msichana ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Syria, naye akamjibu hoja kwa hoja, macho kwa macho. Kengele ilipolia walitoka wakiwa bado wanabishana.

Ijumaa shule nzima ilipiga kura. Ni zoezi lililoanzia Berlin mwaka 1999, na sasa shule nyingi nchini hulifanya kila uchaguzi unapokaribia: vyama vilevile, karatasi ileile, ila mpiga kura ni mwanafunzi asiyefikisha umri. Wiki kadhaa kabla wanajifunza sera za vyama, wanaandaa daftari la wapiga kura, wanachagua wasimamizi miongoni mwao. Maktaba iligeuzwa kituo, vituturi vikapangwa dirishani. Vijana wangu walitamani sana kushiriki, lakini msimamizi, mvulana mwembamba mwenye miwani, alipitisha kidole kwenye daftari kurasa zote kisha akawaambia kwa masikitiko kwamba majina yao hayamo. Mwalimu mmoja akamwomba wageni wafanyiwe wepesi. Yule mtoto akakataa. Akapendekeza wawe waangalizi, wakapewa viti karibu na sanduku, wakakaa mpaka mwisho. Nilimtazama yule mvulana nikatamani walimu wote wa Uraia wangekuwa pale.

Jumapili, 23 Februari, ikawa zamu ya watu wazima. Nilifuatana na familia ya mwenyeji wangu hadi kituoni, nacho ni shule ya msingi, sawasawa na kwetu. Kwetu foleni inaanza alfajiri, kinamama wamebeba watoto, jua likipanda vivuli vinagombaniwa, na jioni mtaa mzima unaonyeshana wino kidoleni. Hapa hakuna wino. Watu wanaingia na mbwa wao, wanapiga kura mbili, ya mgombea wa jimbo na ya chama, wanatoka, dakika chache tu. Binti wa mwenyeji wangu, mwenye miaka kumi na sita, alibaki koridoni. Kura ya bunge la shirikisho ni kwa waliotimiza kumi na minane. Alisimama pale na kofia yake ya sufi, akihesabu wanaoingia, na uso wake ulisema yote.

Saa kumi na mbili jioni vituo vilipofungwa tulirudi kuangalia hesabu, maana hapa mtu yeyote anaruhusiwa kuingia na kutazama kura zinavyohesabiwa. Mtu yeyote, hata mgeni kutoka Dar es Salaam! Walimimina karatasi mezani, wakazipanga mafungu, wakahesabu, wakarudia. Vijana wangu walisimama ukutani bila kupepesa. Waliojitokeza nchi nzima walikuwa asilimia 82.5, kiwango kikubwa kuliko vyote tangu Ujerumani mbili ziungane. Vyama vya CDU na CSU vilishika nafasi ya kwanza, AfD kikapata asilimia 20.8 na nafasi ya pili. Kura za wanafunzi, ambazo hutunzwa siri hadi saa hiyohiyo, zilikuwa na sura tofauti: wao nchi nzima walikiweka mbele chama cha Die Linke. Kesho yake darasani walichambua kwa nini watoto na wazazi wamepishana, na huo ndio ulikuwa mjadala mzuri kuliko yote niliyosikia humu.

Jumanne tulipelekwa kwenye jumba la mji, lililokamilika 1897, lenye vyumba 647. Humo ndimo serikali ya Hamburg inakaa, na bunge lake la watu wasiopungua 121. Dari la ukumbi mkubwa limepambwa mpaka shingo inauma kutazama. Nakiri nilikuwa nawaza yale ya Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa tarehe 27 Februari. Wakati nyinyi huko Songea mlikuwa Makumbusho ya Maji Maji mkiwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, sisi tulikuwa Hamburg mashariki, mtaa wa Jenfeld, mbele ya kuta mbili za udongo wa kuchoma zilizonakshiwa askari wetu na wapagazi, na Mjerumani anayewaongoza askari. Zilisimamishwa 1939, enzi za Wanazi, kwenye kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani huko kwetu. Tangu 2003 zipo ndani ya bustani yenye uzio inayoitwa Tansania-Park, na kila mwaka watu wanabishana juu yake. Asubuhi tulikuwa tumepita chuo kikuu, pale iliposimama sanamu ya Wissmann, yuleyule aliyezima upinzani wa Abushiri huko Pwani. Sanamu ile ilisimikwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909, mahali ilipo leo Sanamu ya Askari. Baada ya vita ikaletwa huku, 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo. Wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena 1968, haikurudishwa.

Mwenyeji wangu aliwapa vijana kazi: makundi ya mchanganyiko, Dar na Hamburg, waandike kibao kitakachofaa kuwekwa kwenye kuta zile. Niliwasimulia kwanza. Niliwaambia kuhusu Nduna Songea Mbano, ambaye ukoo wake bado unakiulizia kichwa chake, na njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji, na makadirio ya hadi watu 300,000 waliokufa. Niliwaambia kwamba Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna huyo. Nikamalizia kwa kusema la moyoni, kwamba mimi ningetaka kuta hizi zivunjwe.

Palipita kimya. Kisha mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mvulana ambaye nyumbani humwoni akinyanyua macho mbele ya mwalimu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba nisikubaliane na wewe." Akasema zikivunjwa, watu wa hapa watapata nafasi ya kusahau walichofanya. Zibaki, na ubavuni mwake ujengwe ukuta mwingine wenye ukubwa uleule, na juu yake majina ya walionyongwa. Msichana mmoja wa Hamburg akampinga yeye: kwa nini jiwe la aibu liendelee kupewa bustani, si lipelekwe makumbusho likaelezewe vizuri? Wakaendelea. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hakuna aliyetaka kurudi kwenye basi.

Kaka, Ibara ya 18 ya Katiba yetu, uhuru wa maoni, nimeiandika ubaoni kila mwaka. Sijawahi kuisikia ikinijia kwa sauti ya mwanafunzi wangu mwenyewe. Nilitaka kulia, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Jioni walipigia kura maandishi matatu ya kibao, hakuna lililopata nusu ya kura. Wameamua kuendelea watakapokuja kwetu.

Jana ikawa Jumapili ya pili, kura ya bunge la Hamburg. Kwa kura hii mji ulishusha umri hadi kumi na sita mwaka 2013. Binti yetu wa koridoni aliamka kabla ya wote. Hapa mpiga kura anapewa vijitabu, si karatasi moja, na ana kura kumi: tano za orodha ya mji mzima, tano za jimbo lake, anaweza kumrundikia mtu mmoja au kuzigawa. Alikuwa ameshinda wiki nzima akisoma majina na kuweka alama kwa penseli. Aliingia, akakaa kituturini muda mrefu kuliko baba yake na mama yake wakijumlishwa. Njiani baba akamuuliza kampa nani. "Kura ni siri, baba," akasema, akatangulia mbele kwa hatua ndefu.

Ramadhani imeanza, na baadhi ya wanafunzi wangu wamefunga. Familia wanazokaa nazo zinaamka nao usiku kuandaa daku, hata zile ambazo hazijawahi kuwa na mfungaji ndani. Jua la jana lilizama karibu saa kumi na mbili kamili, saa ileile ambayo televisheni hutoa makadirio ya kwanza ya matokeo. Kwa hiyo tulikaa sebuleni wote, tende mkononi, macho kwenye saa, na adhana ya simu na takwimu za kura vikaja pamoja. SPD, chama cha Meya Peter Tschentscher, kilikuwa mbele. Binti wa nyumba alishangilia kitu fulani, sijui nini, na hakutuambia.

Usiku ule mwanafunzi wangu mmoja wa kike, atakayetimiza miaka kumi na minane kabla ya uchaguzi wetu wa Oktoba, alinifuata jikoni. Amesikia uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura unafika Dar es Salaam mwezi huu wa Machi, na anataka kujua nyaraka gani zinahitajika na kama tutakuwa tumesharudi. Nimemwambia tutakuwa tumerudi, na nitamsindikiza mwenyewe.

Sasa ombi langu. Hawa wa Hamburg wanakuja mwezi wa nane, na wamesema wanataka kufika Songea kabla ya popote pengine. Tafadhali zungumza mapema na wahusika wa makumbusho, na uwatafute wazee wawili watatu walio tayari kusimulia. Wewe mwenyewe ukae nao jioni. Watakuuliza maswali magumu, mengine yatakuhusu wewe na zile enzi zako za somo la Siasa, na wengine watakuambia hawakubaliani. Wajibu yote. Wifi naomba aandae kande na magimbi, na tangawizi ya kutosha kwenye chai, maana kiu ya chai yetu imenizidi.

Nisalimie wote nyumbani.

Mimi mdogo wako